Kompresa ya Gari la Administradori

Siku yangu ya kwanza kazini niliungua mkono kwa baridi. Nalitanguliza hilo ili nyinyi mliobaki karakana mnicheke mapema, tuendelee na mengine. Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ya samaki ya Palma, kwenye chumba cha barafu, na aliyepewa kunifundisha alikuwa fundi mkuu, Mestre Anselmo, Mmakonde wa Mueda. Ufundi aliupata ng'ambo ya Ruvuma, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika, akarudi na sanduku la spana, Kiingereza cha kusomea maandishi ya kwenye mitungi, na tabia ya kutojibu swali mpaka amalize kufikiri. Aliniambia nisishike bomba fulani. Nikalishika. Gesi iliyokuwa inavuja ikanigandisha vidole viwili, na ngozi ikabanduka kama ya nyanya iliyotiwa maji ya moto. Mestre alinifunga kitambaa, akasema, "Sasa umejua kwa nini nilikwambia," akarudi kwenye kazi yake.

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za karakana. Mlinipikia pilau, mkanipa saa ya ukutani, na mmoja wenu akaniuliza ni kazi gani iliyonitoa jasho kuliko zote. Nilimjibu kwamba ni kompresa moja ya gari niliyoibadilisha uani kwangu. Mkacheka, kwa sababu siku hizi kazi hiyo mnaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Basi ngoja niieleze.

Ilikuwa wakati wa vita vya ukombozi. Wareno walikuwa mjini na askari wao, wapiganaji wetu walikuwa msituni, na barabara zote za kutoka Palma zilikuwa na mabomu ya kutegwa. Katika hali hiyo ndipo Administradori, mkuu wetu wa wilaya wa Kireno, alipoletewa gari lake kwa meli. Lilikuwa la Kimarekani, jeusi, refu kuliko nyumba yangu, na lilikuwa na mtambo wa baridi ndani. Lingeweza kwenda mpaka Lourenço Marques, mji mkuu wa kusini kabisa, bila kuchoka, lakini barabara iliyokuwa salama ilikuwa ya kilomita nne tu: nyumbani kwake, ofisini, kanisani, na uwanja wa ndege. Kwa hiyo lilikwenda kanisani.

Administradori alikuwa mtu mnene, na joto la Palma lilimtesa kweli. Haukupita mwezi akagundua kwamba gari halina haja ya kwenda popote. Akaanza kufanyia kazi humo ndani, limesimama mbele ya ofisi, injini inaunguruma, vioo vimefungwa. Barua alizisoma humo. Kesi alizisikiliza humo pia: mshtakiwa alikaa kiti cha nyuma pamoja na sipai, askari wa utawala, yeye akakaa mbele na karatasi zake mapajani. Na mji mzima uliona tofauti. Ofisini, jasho likimtiririka, alikuwa anafunga watu kwa kukohoa vibaya. Ndani ya gari alikuwa anasikiliza mpaka mwisho, anauliza maswali, mara nyingine anasamehe. Watu wenye kesi walianza kuomba wapangiwe siku za gari.

Halafu kompresa ikafa. Ilijikaza ghafla asubuhi moja, mkanda ukaungua, moshi ukatoka, na Administradori akakimbia nje akidhani ni bomu. Kwa wiki tatu alirudi kusikiliza kesi ofisini, na kwa wiki tatu hakuna aliyeachiwa.

Ndani ya wiki hizo alikamatwa Amade, kaka wa mke wangu Fatima. Walimkuta kwenye mikoko ya ghuba ya Tungue, ndani ya mtumbwi, na magunia mawili ya chumvi. Wareno walikuwa wamepiga marufuku kutoa chumvi nje ya mji, kwa kuwa walijua watu wa msituni wana shida nayo. Amade alisema chumvi ni ya kukaushia samaki. Ndani ya mtumbwi hapakuwa na samaki hata mmoja. Meli ya serikali ilikuwa inatarajiwa Jumamosi kuwachukua wafungwa kwenda gereza la kisiwani, huko kusini, na wengi waliopelekwa huko hatukuwaona tena.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo ndege ya jeshi ilileta kasha lenye kompresa mpya. Karakana ya kampuni ilikuwa imechukuliwa na jeshi, na fundi wao mkuu, sajini mmoja, alikataa kuligusa gari. Alisema yeye yuko Palma kutengeneza magari ya vita, na kumpoza mtu mnene si vita. Administradori akaagiza kazi ipelekwe kwa mafundi wa barafu. Mestre alikuwa anaishi chumba kimoja bila uwanja. Uwanja nilikuwa nao mimi.

Habari ilimfikia Fatima kabla sijafika nyumbani.

"Baba Zainabu," akaniambia, "hilo gari litapona kabla ya Jumamosi?"

"Sijawahi kufungua mtambo wa baridi wa gari. Mestre naye hajawahi."

"Sikuuliza kama mmewahi."

Jumanne asubuhi masipai wanane walilisukuma gari mpaka uani kwangu. Ilibidi tung'oe ua wa makuti upande mzima. Wanane wakaondoka saba, akabaki mmoja kulilinda, jina lake Momade, kijana wa Kimakua mpole sana aliyeamriwa asitoke ndani ya gari. Alikaa kiti cha nyuma siku nne, akaletewa humo uji, wali na kahawa. Nafikiri hakuna mtu aliyeifurahia vita ile kama Momade kwa siku zile nne.

Mestre Anselmo hakugusa kitu. Alifungua boneti, akavuta kigoda, akakaa mbele ya injini kama mtu anayesubiri mgonjwa aamke. Baada ya muda mrefu akasema, "Gari hili limekufa kwa kukaa."

Nikamwomba aeleze.

"Ile redieta ndogo ya mbele inapozwa na upepo wa mwendo. Likienda, upepo unapita. Likikaa, upepo hakuna. Gesi inazidi kupata moto, kompresa inasukuma mpaka inachoka. Tukimwekea mpya akakaa tena hivyohivyo, itakufa tena."

"Tumwambie asikae?"

Mestre alinitazama. "Mwambie weye."

Hatukumwambia. Tulianza kufungua. Nati za gari lile hazikuwa za kipimo cha spana zetu, ila Mestre alikuwa na seti ya Kiingereza ya huko mkongeni, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa halazi kichwa mbali na lile sanduku. Gesi iliyobaki tuliitoa polepole nyuma ya nyumba. Kuku watatu walilala chini, nikamwambia Fatima wamekufa, wakati namwambia wakainuka. Kompresa ya zamani ilikuwa chuma kitupu, nzito kama mbuzi. Ndani ilikuwa imesagika, na vumbi lake la chuma lilikuwa limeingia kwenye mabomba na mipira yote. Kwa hiyo tuliifungua mipira, tukaipanga juu ya mkeka, tukapanga kuisafisha kesho yake kwa petroli na kuipuliza kwa gesi kavu.

Wakati wa kula nilimweleza Fatima kazi ilipofikia. Nilimwambia, "Adui mkubwa sasa ni uchafu. Mipira ikibaki na uchafu, kompresa mpya nayo inakufa." Kila neno lilikuwa la kweli. Nilisahau tu kumwambia kwamba adui mkubwa kuliko uchafu ni maji. Maji yakiingia kwenye mtambo wa baridi, hata tone, yanaganda mahali pembamba na kuziba njia, na oili inageuka asidi. Mkimfundisha mtu, mpeni maneno yote mawili.

Jumatano nilipoamka, mipira yote ilikuwa inaning'inia kwenye kamba ya nguo, katikati ya kanga mbili, inachuruzika maji. Fatima alikuwa ameamka na alfajiri, ameisugua nje na ndani kwa sabuni ya mche na kijiti kilichofungwa kitambaa. Momade alikuwa ametoka ndani ya gari, kinyume cha amri, kumshikia sabuni.

"Tazama," Fatima akasema. "Ukiichungulia unaona mpaka upande wa pili."

Nilikaa chini. Mestre alipofika, alitazama kamba, akanitazama mimi, akamtazama Fatima, muda mrefu hata Momade akarudi ndani ya gari mwenyewe.

"Shemeji," Mestre akamwambia hatimaye, "umesafisha vizuri kuliko petroli. Sasa tuna siku moja na nusu ya kukausha."

Aliomba bati. Tuling'oa mabati mawili ya paa la jiko, tukayalaza juani, tukaitandaza mipira juu yake. Tuliigeuza kila saa kama watu wanaoanika muhogo. Bomba za chuma tulizipitisha juu ya makaa. Kila nusu saa tulipuliza gesi kavu ndani yake, na Mestre aliweka kioo cha kunyolea mdomoni mwa mpira kuona kama kinafifia kwa mvuke. Kilififia Jumatano yote. Alhamisi saa tano kilififia kidogo. Alhamisi saa nane hakikufifia.

Kwenye kasha mlikuwa na kikaushio kimoja tu, kile kikopo chenye punje za kunyonya unyevu, na hicho Mestre alikuwa amekificha ndani ya sanduku lake la spana toka mwanzo, kikiwa bado na vizibo. Alisema hakukificha kwa sababu ya Fatima. Alikificha kwa sababu yangu.

Alhamisi alasiri tulifunga kompresa mpya. Tulipima oili yake kwa kijiti, tukaweka mkanda, tukabana nati zote mara mbili. Kilichobaki kilikuwa kuvuta hewa yote iliyomo, ili ukitia gesi iingie mahali patupu. Pampu ya kuvutia hewa Palma nzima haikuwepo. Tulichukua kompresa kuukuu ya chumba cha barafu, tukaifunga kwenye ubao pamoja na injini ndogo ya petroli ya kupandishia maji, tukaunganisha kwa mkanda, na upande wake wa kuvuta tukauingiza kwenye gari. Ilifanya kazi vizuri, kwa kelele ya pikipiki isiyokwenda popote.

Tuliiwasha Ijumaa asubuhi. Karibu na adhuhuri mwalimu wa msikiti, ambao ulikuwa nyumba ya tatu kutoka kwangu, alifika mlangoni.

"Selemane, mwanangu. Watu watasikiaje hotuba?"

"Shehe, tukizima, hewa inaweza kurudi ndani."

"Na huyo mnayemhangaikia, Amade, hatumwombei leo?"

Mestre, ambaye ni Mkristo, ndiye aliyejibu. Alifunga valvu, akazima injini, akasema, "Nendeni mkaswali. Mimi nitautazama mshale wa kipimo. Ukikaa palepale mpaka mrudi, hatuna tundu. Ukisogea, tunalo."

Sijawahi kuswali nikiwa nawaza mshale kama siku ile, Mungu anisamehe. Niliporudi, Mestre alikuwa amekaa palepale, kioo cha kipimo mbele ya pua. Mshale haukuwa umesogea hata unywele. Toka hapo kila nikimaliza kuvuta hewa nafunga valvu na kwenda kuswali kabla ya kutia gesi. Baadhi yenu mlidhani ni ucha Mungu.

Tulitia gesi taratibu, tukitazama kile kidirisha kidogo cha kioo kwenye bomba. Mapovu yalipita, yakapungua, yakaisha. Momade, ndani ya gari, aligonga kioo. Nikafungua mlango.

"Kaka Selemane," akasema kwa upole, "naweza kupata shuka?"

Administradori alikuja saa kumi na faili zake chini ya kwapa, na Amade nyuma yake kafungwa mikono. Alikuwa amepania kumaliza kesi ya mwisho ya wiki hiyo humohumo uani, kabla ya meli. Alikaa kiti cha mbele, upande wa abiria. Mimi niliamriwa kukaa kwenye usukani kuangalia mtambo, na kwa kuwa mkalimani wake alikuwa na homa, nikaamriwa kutafsiri pia. Hakujua kama Amade ni shemeji yangu, na sikuona sababu ya kumchosha na habari za ndoa yangu. Mestre alisimama mbele ya gari na ndoo. Alikuwa ameamua, kwa kuwa hatuwezi kumwambia asikae, kumwagia redieta maji badala ya upepo. Fatima na majirani walikuwa wamejipanga kutoka kisimani mpaka kwenye boneti, wakipokezana ndoo. Administradori aliuliza wale wanawake wanafanya nini. Nilimwambia ni desturi ya kukaribisha.

Alivuta pumzi, akafumba macho, uso wake ukalainika. Halafu akafungua faili.

"Muulize. Magunia mawili ya chumvi, na samaki wako wapi?"

Nikamuuliza Amade.

"Mwambie samaki nilikuwa bado sijawavua," Amade akasema.

Nilitafsiri hivyohivyo, kwa kuwa sikuweza kufikiri jibu bora. Administradori aliandika.

"Na alitegemea kuvua wangapi, wa magunia mawili?"

Amade alifungua mdomo kujibu, meno yakaanza kugongana. Alikuwa amevaa kikoi tu, na tundu la upepo lilikuwa linamwelekea kifuani. Alijaribu tena, taya likacheza, neno halikutoka.

"Anaogopa," Administradori akasema, na akashika kalamu kwa namna ambayo sikuipenda.

"Hapana, Sinyori. Anasikia baridi."

Administradori aligeuka. Alimtazama Amade kwa mara ya kwanza, naona, kama mtu na si kama faili. Akanyoosha mkono, akamshika mkono wa juu. Vinyweleo vilikuwa vimesimama, ngozi imefanya vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa.

"Miaka sita," akasema polepole. "Miaka sita sijaona hivi."

Akaanza kutuhadithia kijiji chao cha milimani. Theluji mpaka dirishani. Mama yake akiwavisha soksi mbilimbili. Mbwa aliyelala ndani ya tanuri la mikate likiwa limepoa. Mimi natafsiri, Amade anatikisa kichwa na meno yanalia, na Momade, kando yake, kajifunika shuka. Ilikuwa hadithi nzuri. Lakini mshale wa joto la injini ulikuwa mbele ya macho yangu, na ulikuwa unapanda. Niliinua macho: Mestre alikuwa ananionyesha ndoo, ameigeuza juu chini. Kisima kilikuwa kimebaki tope.

Administradori alikuwa amefika kwenye harusi ya dada yake.

"Sinyori," nikasema.

"Kuhani naye alikuwa amekwama kwenye theluji," akaendelea.

Mshale ukaingia kwenye nyekundu. Nikasema, kwa Kireno kizuri kuliko chote nilichowahi kusema, kwamba mtambo mpya, kama mtoto mchanga, siku ya kwanza haufai kuchoshwa, na kwamba ningeomba kuupumzisha, mara tu Sinyori akimaliza karatasi iliyo mkononi. Aliiangalia karatasi kama aliyeshangaa kuiona. Aliandika mstari mmoja, akatia sahihi, akampa Momade.

"Mwambie aende zake akavae shati," akasema.

Nilizima injini. Mvuke ulitoka chini ya boneti ukamfunika Mestre mpaka kiunoni, na Administradori alishuka upande wa pili akinishukuru, bila kuona.

Amade alikaa kwetu siku mbili, akila. Siku ya tatu aliniita pembeni.

"Shemeji, ile chumvi haikuwa ya samaki."

"Najua. Hata kuku wangu wanajua."

"Basi kuna jambo. Huko inakokwenda wana hospitali, na hospitali ina friji la mafuta ya taa la kuwekea dawa za chanjo. Limekataa kupoza mwezi wa pili sasa. Wamesikia Palma kuna fundi."

Nilimwambia fundi ni Mestre. Akasema Mestre ndiye aliyenitaja. Mestre nilipomuuliza, alifikiri, akasema yeye ana magoti mabovu na mimi sina, akanipa nusu ya spana zake.

Tulitembea siku nne, Amade mbele, mimi nikikanyaga palepale alipokanyaga yeye kwa sababu ya mabomu. Nilibeba spana, mpira, mtungi mdogo na risala ndefu kichwani juu ya yote yanayoweza kuharibika ndani ya friji. Tulipofika, kamanda alinipeleka mwenyewe. Friji lilikuwa kibandani, juu ya mteremko, safi kabisa, moto wake wa buluu unawaka vizuri chini. Niliomba sahani ya maji. Niliiweka juu yake, na maji yote yakakimbilia upande mmoja.

Friji la mafuta ya taa halipozi likikaa upande, kwa kuwa ndani yake hakuna pampu, ni maji na gesi vinavyopita vyenyewe, na vikikuta mteremko vinasimama. Nilizima moto, nikaligeuza miguu juu, tukalala. Asubuhi nililisimamisha, nikatia kipande cha ubao chini ya mguu mmoja, nikawasha moto. Siku iliyofuata mlikuwa na barafu ndani, na muuguzi alipanga chupa zake humo, moja moja, halafu akatuma watu vijijini wakawaambie kina mama walete watoto.

Kamanda aliniuliza ni hilo tu. Nikasema ni hilo tu. Akafikiri, akasema kwamba kwenye taarifa yake ataandika matengenezo makubwa, kwa sababu watu walihatarisha maisha kunileta.

Njia ya kurudi ilikuwa imefungwa na askari wiki hiyohiyo. Nilikaa huko mpaka vita vilipokwisha, nikitengeneza mataa, redio, baiskeli na mengine ambayo hayakuwa baridi wala hayakuwa kazi yangu. Niliporudi Palma, Zainabu alikuwa anakwenda shule, na Fatima alinikalisha, akanipa maji, akanisubiri ninywe. Halafu akataka kujua friji lilikuwa na ugonjwa gani.

Nikamweleza habari ya ubao.

Alipokea kikombe mkononi mwangu. Akauliza kama katika msitu wote ule hapakuwa na mtu mwingine mwenye kipande cha ubao.